Magareti ya Mama Angeline

Pale Kabiro, Kawangware, jijini Nairobi, langoni mwa ploti ya Wakarima, palikuwa na kichaka cha maua meupe yenye kiini cha manjano, na wageni waliopita walisema lile lile: "Mama, kumbe hata mjini mnalima pareto?"

Wakarima alikulia Kinangop akichuma pareto tangu utotoni, kwa hiyo swali hilo lilimkera kidogo kila lilipoulizwa. Alikuwa akisimama, anashika tawi moja na kumwonyesha mgeni. Pareto shina lake ni laini. Haya ni magareti. Angalia hapa chini, ni mti kabisa, una gome. Ukiuacha utakufika kifuani. "Ni binamu tu," alimalizia. "Wamefanana sura, lakini kila mmoja ana kwao."

Na kwao magareti ni wapi? Hilo hakulijua. Kijiti chake cha kwanza alipewa na mwanamke wa kanisani huko Limuru, mwaka alioolewa, na yule mwanamke naye hakusema alikitoa wapi.

Kathini alikutana na maua hayo akiwa muuza mahindi ya kuchoma. Alikuwa mwanamke wa Mutitu, Kitui, mrefu, mwenye sauti nzito, na alikaa Makina kule Kibera katika chumba alichopangishwa na mama mmoja wa Kinubi. Jiko lake alikuwa akiliweka nje ya lango la Wakarima kwa sababu pana kivuli. Siku moja aliomba tawi. Wakarima akalivunja bila kuuliza la nini. Kathini akalichomeka kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo, akalisahau, na alipolikumbuka lilikuwa limetoa maua.

Basi mahindi yakaisha hapo. Wakarima alimpa ukanda wa ardhi kati ya ukuta na barabara, na Kathini akaujaza karatasi nyeusi za kupandia, udongo wa msitu na mbolea ya ng'ombe. Alipanda bogenvilia, alipanda rosemari, alipanda nyasi za kapeti. Lakini yaliyotangulia kununuliwa yalikuwa magareti. Hayakupandwa kwa mbegu. Mbegu zake hazikushika. Kila mche ulikuwa tawi lililokatwa pale langoni, na kwa hiyo ukikuta magareti ya Kathini nje ya saluni kule steji ya 56, au kwenye kopo la rangi mbele ya kinyozi, ulikuwa umekutana na kichaka kile kile cha Wakarima, kimesafiri tu.

Asubuhi walikunywa chai pamoja, mmoja ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na mwingine kwenye kigoda. Wakarima alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Angeline, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli kwenye Visiwa vya Kanari. Hata huyo Wakarima mwenyewe hakuweza kukuambia visiwa hivyo viko wapi hasa. Alijua ni vya Wahispania, viko karibu na Afrika lakini si Afrika, na kwamba mwanawe hupiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Kathini hakuwa na mtoto. Angeline alimwita anti, na akipiga simu hakukata kabla hajamsalimia.

Kisha zikaja kampeni za mwaka wa elfu mbili na saba, na watu waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kuangaliana.

Siku moja katikati ya Desemba, wateja wakiwapo, Wakarima alisema kwa mzaha ambao haukuwa mzaha: "Ninyi Wakamba mnangoja kwanza mshindi ajulikane, ndipo mkumbuke mlikuwa upande wake."

Kathini alikuwa ameinama akitia udongo. Aliinuka polepole. "Na ninyi Wakikuyu mnafikiri Nairobi mlizaliwa nayo tumboni."

Mteja mmoja alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Kama asingecheka mtu, pengine wangemeza maneno na kuendelea na chai. Kathini aliosha mikono, akaenda zake. Tangu siku hiyo alikuja asubuhi, akamwagilia miche, akauza alichouza, akaondoka. Chai haikuitishwa wala haikuletwa. Wakarima alimchungulia kupitia dirishani, na Kathini alijua anachunguliwa, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Walipiga kura hivyo, wakiwa wamenuniana. Jumapili ile rais Mkikuyu alipotangazwa mshindi, jua halijazama vizuri, moshi ulikuwa umeshapanda Kibera. Soko la Toi liliungua. Reli iling'olewa. Katika Makina watu walifunga milango na kusikiliza mawe yakigonga mabati ya jirani, wakijua yakimalizika huko yatakuja kwao. Kathini alikaa ndani na mama mwenye nyumba wake, wakipika uji na kuhesabu milio ya risasi. Alijiambia kwamba Wakarima ana watu wake Kawangware, na kwamba mwenye ploti hakosi pa kukimbilia. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini analolisema.

Wiki ya pili ya Januari simu yake ikalia. Namba ilikuwa ndefu, ya nje.

"Anti Kathini?" Sauti ya Angeline ilikuwa imekauka. "Anti, mama hashiki simu. Tulisalimiana Mwaka Mpya, na tangu hapo imezimwa. Nimewapigia watu wa kanisa, wanasema walikimbilia uwanja wa Jamhuri, lakini huko hawajamwona. Umemwona?"

"Sijafika huko, mwanangu. Barabara hazipitiki."

"Najua, anti. Najua nakuomba kitu kibaya." Kathini akasikia nyuma ya sauti yake mashine za kufulia zikizunguka. "Sina mtu mwingine wa kumwomba."

Mama wa Kinubi alimsihi asitoke. Siku zile maneno yalikuwa yamebadilika: mgombea wa Wakamba alikuwa amepewa kiti serikalini, na vijana waliokuwa wakiwaacha Wakamba wapite sasa waliwaita wasaliti. Kathini alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alifunga leso kichwani, akavaa raba, akachukua mfuko wake wa kazini kwa mazoea tu, akatoka.

Alipita Kibera Drive akiambaa kuta. Kabla ya kufika Barabara ya Ngong alikuta matairi yakiungua katikati ya njia, na vijana wamesimama na mapanga kama watu waliosimama na miavuli.

"Mathe, unaenda wapi? Kitambulisho."

Aliwapa. Mmoja alisoma jina, akasoma wilaya, akawaangalia wenzake. "Mkamba huyu. Watu wa kununuliwa."

"Mimi hakuna aliyeninunua," Kathini alisema. "Ningenunuliwa ningekuwa natembea kwa miguu?"

Mmoja wao alicheka. Mwingine akatia mkono kwenye mfuko na kutoa kisu chake kidogo kilichopinda. "Na hii?"

"Ya kukatia maua."

"Maua?" Kijana alikigeuza kisu kwenye mwanga kana kwamba maua yangeonekana humo. "Nchi inachomeka, wewe unakata maua?"

"Ndiyo kazi yangu. Sijui nyingine."

Walitazamana. Kathini akaweka macho yake kwenye viatu vya yule aliyeshika kitambulisho. Vilikuwa vipya, vya ngozi, na saizi haikuwa yake. Mwishowe kijana alimrudishia kadi. "Pita haraka. Kisu tunabaki nacho." Akapita. Hakukimbia.

Kutoka hapo hadi Kawangware aliona maduka yenye milango iliyopinda, na mwanamke aliyebeba godoro na mtoto juu ya godoro. Kule Kabiro palikuwa kimya. Nyumba mbili za jirani zilikuwa makaa. Kathini alipokaribia ploti ya Wakarima alipunguza mwendo, akiogopa kuona, na kitu cha kwanza alichokiona ni kichaka cha magareti langoni, kimejaa maua tele, meupe, kana kwamba nchi ni nyingine. Alisogea akakipapasa majani, kisha akagusa udongo wa miche yake.

Ulikuwa na maji.

Mtu alikuwa ameimwagilia asubuhi ileile. Kathini aliinua kichwa. Nyumba ya mbele ya Wakarima ilikuwa imevunjwa mlango. Viti vilikuwa vimechukuliwa, na pazia limeng'olewa likaachwa sakafuni. Lakini vyumba vya nyuma vya wapangaji vilikuwa salama, na mlango mmoja ulifunguka kidogo.

"Anti Kathini, ingia upesi."

Alikuwa Nafuna, mpangaji wa chumba cha mwisho, msichana Mluhya wa Bungoma aliyeshona sare za shule, mke wa Wesonga, fundi wa mbao. Nafuna alimvuta ndani, akaufunga mlango, na kumwelekeza kidole nyuma ya shuka iliyogawa chumba.

Juu ya kitanda alilala kikongwe aliyefungwa kitambaa mpaka nyusi, amefunikwa leso mbili mwilini. Kathini alimtazama bila kumtambua. Kisha yule kikongwe akafumbua macho, na yalikuwa macho ya Wakarima.

Wakarima akafungua mdomo. Nafuna akaruka, akauziba kwa kiganja. "Kukhu! La!"

Halafu akaeleza kwa kunong'ona. Vijana walikuja siku ya pili ya mwaka wakimtafuta mwenye ploti. Wesonga alipowaona wakikunja kona, alimbeba Wakarima begani kama gunia na kumpitisha uani. Nafuna akamvua marinda yake, akamfunga leso zake mwenyewe. Walipoingia kupekua aliwaambia ni nyanya yake, kukhu wake, ametoka Bungoma kuja kutibiwa, amepigwa na kiharusi, mdomo hausogei. Mmoja alimsemesha Kibukusu, lugha ya huko. Wakarima alimtolea macho na kutiririsha mate.

"Walituamini," Nafuna alisema. "Lakini kuna mmoja ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, na ni mwenzao. Akisikia sauti ya Kikikuyu humu ndani, tumekwisha sote. Kwa hiyo hajasema neno tangu siku hiyo." Akamwangalia Wakarima, na uso wake uliochoka ukalegea. "Kukhu huyu! Anajua kunyamaza!"

Kathini aliketi ukingoni mwa kitanda. Njia nzima alikuwa ametayarisha la kusema. Alikuwa amekusudia kuanza na samahani, kisha alikusudia kutoanza na samahani kwa sababu si yeye aliyeanza, na sasa mambo yote mawili hayakuwa na kazi. Wakarima alitoa mkono kutoka chini ya leso. Alishika mkono wa Kathini, ule uliogusa kichaka langoni, akauleta puani, akaunusa. Majani ya magareti yana harufu kali kidogo, kama ya dawa, na haitoki upesi vidoleni. Wakarima alivuta harufu ile taratibu akiwa amefumba macho. Kisha akauweka mkono wa Kathini kifuani kwake, akaubana hapo kwa mikono yote miwili, asiuachie.

Kathini alilia bila kutoa sauti, maana hata kilio kilikuwa kina jirani.

Baadaye alitoa simu na kumbipu Angeline. Simu ikarudi mara moja. Kathini akasema kwa Kiswahili, taratibu, mdomo umegusa chombo: "Yupo. Ni mzima. Hawezi kuzungumza, usiniulize kwa nini, lakini masikio yake ni mazima. Nakuweka kwake. Wewe ongea tu."

Akaiweka simu kwenye sikio la Wakarima, akaliinamia mwenyewe, na vichwa vyao vikagusana.

Kwanza walisikia pumzi ya binti anayejizuia. Halafu Angeline akaanza, na kama mtu yeyote aliyeambiwa aongee na asijibiwe, hakujua aseme nini, akashika la kwanza lililomjia.

"Mama, Krismasi nilipewa mapumziko. Nilipanda basi hadi milimani. Miaka yote hii mimi najua tu chumba cha kufulia na ufuo. Mama, nilishuka basi nikaona magareti. Porini! Yameota kwenye mawe kama magugu, hakuna aliyeyapanda. Nikasimama barabarani nikacheka peke yangu. Maua yako, mama. Yale ya langoni."

Macho ya Wakarima yalifumbuka yakatazama mabati ya dari.

"Kuna mzee hapa hotelini anayetunza bustani. Nilimwuliza. Akaniambia huku ndiko kwao. Yote yaliyoko duniani, kwenye bustani za watu, yalitoka huku. Na si aina moja. Kila kisiwa kina yake. Kuna yenye majani membamba kama ya shamari, kuna yenye majani mapana. Kuna yanayokaa ufuoni yanapigwa na chumvi na hayajali, na mengine yako juu kule kwenye ukungu wa misonobari. Kuna aina iliyo kwenye genge moja tu, mama, genge moja, huipati pengine popote. Yote ni ukoo mmoja. Yule mzee anasema zamani sana mbegu moja au mbili zilibebwa na bahari na upepo, zikafika, na kila mahali zilipoangukia zikajizoesha hali ya hapo mpaka zikawa za hapo." Alivuta pumzi. "Nilimwuliza, zikikutana tena? Akasema hazina shida, zinachanganyika upesi, hata huwezi kujua ipi ilitoka wapi. Mama, unanisikia?"

Wakarima aligonga simu kwa kucha, polepole. Kathini akasema, "Amesikia. Anagonga."

"Agonge tena," Angeline akasema, na sasa alikuwa analia wazi. Wakarima akagonga tena.

Kathini alitaka kumhamishia Jamhuri kesho yake. Kulikuwa na mahema huko, na polisi. Wakarima alitikisa kichwa. Kathini akasisitiza. Wakarima akainua mkono, akamwonyesha Nafuna, akamwonyesha Wesonga aliyekuwa amejikunja mlangoni akinoa randa isiyo na kazi, kisha akaonyesha barabara, akapitisha kidole shingoni. Kathini alielewa. Wapo wengine watakaokuja, watu wa kwake Wakarima, kulipiza, na siku hiyo hao wawili ndio watakaohitaji mwenye ploti.

Basi Kathini naye hakurudi Makina. Walilala watatu kitandani, Wesonga sakafuni. Mchana Kathini alikwenda kutafuta unga na kurudi na alichopata. Asubuhi alikuta Wesonga ameshamwagilia miche kwa maji ya kuoshea vyombo. Alipomshukuru, Wesonga aliinua mabega. "Kukhu alikuwa ananionyesha kwa kidole kila siku mpaka niende. Mtu huwezi kubishana na bubu."

Waliokuwa wakingojewa walifika mwisho wa Januari, adhuhuri, jua likiwaka. Kelele zilianzia juu, kutoka upande wa 56, zikashuka lango kwa lango. Sasa walikuwa wanasema Kikikuyu. Wanawatoa Waluhya na Wajaluo, wanatupa vitu vyao nje, wengine wanawatoa na hawaonekani tena. Jirani wa ukutani, yule aliyeogopwa, alitoroka kupitia dirisha la nyuma. Wesonga alichukua nyundo. Nafuna alikaa chini ya meza ya cherehani, magoti kidevuni.

Wakarima akatupa leso, akashuka kitandani. Alivaa gauni lake lililokuwa limefichwa chini ya godoro, akafunga kilemba chake mwenyewe, na kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa zamani akasema neno lake la kwanza tangu ile siku ya pili ya mwaka.

"Kathini. Nishike mkono, miguu imelala."

Walitoka pamoja hadi langoni. Vijana walikuwa wameshafika, kundi la kujaza barabara. Mbele yao alikuwa kijana wa fulana nyekundu ambaye Wakarima alimjua. Alikuwa amemwona akibatizwa.

"Shosh!" Kijana alimwita nyanya kwa mshangao. "Tulisikia walikuua. Rudi ndani, tunakusafishia ploti. Hawa watu hawatakaa tena kwa nyumba zetu."

"Nyumba zenu?" Wakarima alisema kwa Kikikuyu, na sauti ilikuwa ikirudi kwa kila neno. "Wewe ulibeba tofali gani hapa? Walipokuja kunitafuta, wewe ulikuwa wapi?"

"Shosh, sisi tunakulinda."

"Mwanaume aliyenilinda yuko humo ndani na nyundo. Alinibeba begani. Mke wake alinivalisha nguo zake, na kama wangegundua wangemchinja yeye kabla yangu. Huyo ni mjukuu wangu. Uliza ploti nzima."

"Na huyu?" Mmoja alimwonyesha Kathini.

"Huyu ni wangu," Wakarima alisema.

Kisha, kwa kuwa miguu yake kweli ilikuwa imelala, alikaa. Alikaa chini, katikati ya lango, kwenye udongo wa miche, na Kathini akakaa naye. Hawakuwa wamepanga. Ili kuingia, ilibidi mtu awaruke au awakanyage.

Yule wa fulana nyekundu alisimama kwa muda mrefu. Nyuma yake walikuwa wakimhimiza. Kathini alimtazama usoni, akajua kwamba hawezi kumkanyaga kikongwe aliyemwona akibatizwa, na hawezi kurudi mikono mitupu. Aligeuka akaupiga teke mche wa kwanza. Hapo wote wakapata la kufanya. Waliivuruga miche yote, wakapasua karatasi, wakatupa bogenvilia barabarani. Mmoja alimwaga mafuta ya taa kwenye kichaka cha magareti na kukiwasha. Kilikuwa kikavu chini, kigumu, na kiliungua vizuri kama kuni. Kisha wakaenda lango la pili.

Wanawake wale wawili walibaki chini, nyuso zimejaa masizi. Kathini alitazama kazi yake ya miaka na kukuta kwamba haimuumi kama alivyotarajia. Maumivu yalikuja baadaye, wiki nzima, lakini si wakati huo. Wakati huo alikuwa na mkono wa Wakarima.

"Yale maneno niliyosema," Wakarima alianza.

"Acha."

"Siachi. Nimenyamaza mwezi mzima, niache niseme. Yalikuwa maneno ya kijinga, na niliyasema mbele ya watu. Na baada ya hapo nilipika chai yako kila asubuhi, nikaimwaga."

"Kila asubuhi?"

"Na sukari yake."

Kathini alicheka mpaka masizi yakamwingia mdomoni. "Na mimi nilisema la tumboni," akasema. "Hilo nalo lifutwe."

Mwishoni mwa Februari wakubwa walitia saini makubaliano, na watu wakaanza kutoka nje na kujifanya hawakuonana. Wesonga alirudisha mlango wa Wakarima. Kathini alichimba kisiki cha magareti akitafuta jicho bichi, hakupata hata moja. Basi akachukua ndoo na kisu kipya, akaanza kuzunguka kwa wateja. Mwenye saluni wa 56 alimkatia matawi kabla hajamaliza kueleza. Kinyozi alimpa kopo zima. Huko Makina, mama wa Kinubi alikuwa na kichaka cha Kathini nyuma ya bafu, kirefu kupita ukuta, kimestawi kwa maji ya sabuni, akasema, "Chukua hata mizizi, bora umerudi hai." Mlango mmoja alibisha akafunguliwa na mtu asiyemjua, aliyevaa shati la aliyekuwa mwenye nyumba hiyo. Kathini aliyaona magareti yake dirishani, akasalimia, akageuka bila kuomba.

Wakarima alikaa kwenye kigoda akitia udongo kwenye karatasi, naye Kathini akichomeka. Walibishana kuhusu maji, wakabishana kuhusu mbolea. Mvua ndefu ilipoanza, vipandikizi vilikuwa vimeshika.

Nafuna na Wesonga waliondoka Aprili. Hakuna aliyewafukuza. Lakini Nafuna alikuwa anashtuka kila mlango ulipogongwa, na kazi ya kushona ilikuwa haitaki mikono inayotetemeka. Wesonga alisema wataenda Bungoma kwanza, watulie, wataona. Wakarima hakuwazuia. Aliwafungia viazi na nguo ya mtoto ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja, na Nafuna alipoiona aliinamisha uso, akamkumbatia kwa muda mrefu. Kathini akabeba mguu mmoja wa cherehani hadi steji, Wesonga akabeba iliyobaki.

Gari lilipoondoka wanawake hao wawili walisimama wakilitazama mpaka likapinda. Kisha wakashuka kurudi Kabiro, taratibu, kwa kuwa miguu ya Wakarima haikupona vizuri tangu kile kitanda. Alipumzika mara moja kwenye benchi la muuza makaa, mara nyingine kwenye ngazi za duka la vifaa vya ujenzi.

"Kile chumba cha mwisho kimebaki wazi," alisema akiwa pale kwenye ngazi, akitazama upande mwingine.

"Nimeona."

"Makina ni mbali kwa mtu mwenye kazi ya kuamka mapema."

"Ni mbali," Kathini alikubali.

Alihamia Jumamosi iliyofuata, na godoro lake na sufuria zake. Jioni, kabla giza halijaingia, alikuwa uani akiosha muthokoi, chakula cha kwao cha mahindi na maharagwe. Wakarima alikuja akasimama juu yake, mikono kiunoni, akatazama ndani ya sufuria.

"Mahindi umeyatoa ngozi. Kwa nini unayatoa ngozi? Hii ni githeri yetu iliyovuliwa nguo."

"Kaa chini," Kathini alisema, akamsogezea ndoo. "Utakula kwanza, ndipo useme."

Wakarima alikaa. Alikula sahani nzima, akaitisha nyingine, na hakusema kitu.